Konstebo na Ukuta: Shahidi Mdogo katika Bunilizi za Mauaji ya Whitechapel

1.0 Utangulizi

Ni desturi katika uhakiki wa riwaya kuwagawa wahusika katika makundi mawili, wakuu na wadogo. Wale wa kwanza huchambuliwa kwa kurasa nyingi. Wale wa pili hutengewa aya moja karibu na mwisho, na aghalabu husemwa tu kwamba wamesaidia kumjenga mhusika mkuu. Mgawanyo huo una manufaa yake, hasa darasani. Hata hivyo una kasoro ambayo haijazingatiwa vya kutosha: hupima ukubwa wa mhusika kwa wingi wa maneno na matendo aliyopewa, wala hauulizi hadithi nzima imeegemea jicho la nani.

Kasoro hiyo hujitokeza waziwazi pale bunilizi inapojengwa juu ya tukio la kweli. Mfano mzuri ni mauaji ya wanawake watano yaliyotokea mashariki ya London, katika mtaa wa Whitechapel na viunga vyake, baina ya tarehe 31 Agosti na 9 Novemba 1888. Waliouawa ni Mary Ann Nichols, Annie Chapman, Elizabeth Stride, Catherine Eddowes na Mary Jane Kelly. Muuaji hakupatikana. Tangu wakati huo riwaya, tamthilia, filamu na vitabu vya katuni vimeyasimulia mauaji hayo upya mara nyingi, na karibu kila mtunzi amemtoa mkosaji wake: daktari, mpangaji, mwana wa kifalme au chama cha siri.

Katika wingi huo wa watuhumiwa na wapelelezi wamo askari wa doria, ambao ndio waliotembea usiku ule kwa miguu na kuona kwa macho. Makala haya yanamhusu mmoja wao, Konstebo Alfred Long. Hoja inayotetewa ni kwamba Long, ingawa katika bunilizi ni mhusika wa kupita tu kama anatajwa kabisa, ndiye anayeubeba ushahidi ambao bunilizi nyingi zimeutumia kama ufunguo. Na kwamba mtunzi anapouchukua ushahidi huo huku akiiacha nyuma shaka aliyoikiri shahidi mwenyewe, huwa ameuharibu ushahidi huo, hata kama hakubadilisha herufi yoyote.

2.0 Alichokiona Long

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 30 Septemba 1888, wanawake wawili waliuawa katika muda usiozidi saa moja. Wa pili, Catherine Eddowes, alikutwa Mitre Square na Konstebo Edward Watkins yapata saa saba na dakika 44 usiku. Watkins alikuwa amepita hapo karibu robo saa kabla, na hakuona kitu. Kipande cha aproni ya marehemu kilikuwa kimekatwa na hakikuwapo.

Long alikuwa katika lindo jingine, Goulston Street, umbali wa kutembea kwa dakika chache. Hakuwa mwenyeji wa mitaa ile. Alikuwa askari wa Divisheni A, Westminster, aliyeazimwa Whitechapel kuongeza nguvu ya doria, na kwa maelezo yake mwenyewe ilikuwa mara yake ya kwanza kulizunguka lindo hilo. Saa nane na dakika 20 alipita Goulston Street asione kitu. Saa tisa kasoro dakika tano alipita tena, na katika mlango wa ngazi wa nyumba za kupanga ziitwazo Wentworth Model Dwellings akakuta kipande cha aproni chenye damu. Juu yake, ukutani, palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa chaki. Long alizikagua ngazi, hakumkuta mtu. Akamwacha askari mwenzake alinde mahali pale, naye akakichukua kile kipande kukipeleka kituoni. Kipande hicho kililingana na aproni iliyobaki mwilini mwa Eddowes.

Maneno yenyewe yaliwahusu Wayahudi na lawama. Yalisema, kwa jinsi Long alivyoyanakili, kwamba wao ndio watu ambao hawatalaumiwa kwa bure. Katika mtaa uliokuwa na wahamiaji wengi wa Kiyahudi, na ambamo mwezi huohuo mshona viatu mmoja Myahudi alikuwa amekamatwa kwa tuhuma kisha akaonekana hana hatia, maneno ya namna hiyo hayakuwa mchezo. Mrakibu Thomas Arnold wa polisi ya Metropolitan alihofia ghasia, kwani soko la Jumapili lilikuwa karibu kuanza na watu wangejaa njiani. Polisi wa City walitaka maandishi yapigwe picha. Palitolewa hata pendekezo la kufuta sehemu tu na kuacha nyingine. Kamishna Sir Charles Warren alifika mwenyewe, na kwa amri yake ukuta ukafutwa mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla mwanga wa kutosha kupiga picha haujapatikana.

Kwa hiyo matini haya yamebaki katika nakala tu, na nakala zenyewe hazikubaliani. Mpelelezi Daniel Halse wa polisi ya City aliyanukuu maneno hayo akiweka kikanushi mahali pengine: kwa nakala yake, Wayahudi sio watu watakaolaumiwa kwa bure. Tarehe 11 Oktoba 1888 Long alisimama mbele ya hakimu wa kuchunguza vifo na jopo la raia walioapishwa. Wakili wa City, Henry Crawford, alimbana kuhusu nafasi ya kikanushi hicho, kisha kuhusu tahajia. Long alishikilia mpangilio wake wa maneno. Kuhusu tahajia ya neno "Wayahudi" alisema aliiandika kwa namna ya kawaida. Alipoulizwa kama ukutani haikuwa vingine, alikiri kwamba huenda ilikuwa hivyo. Akatumwa kwenda kulileta daftari lake la mfukoni. Jopo nalo lilistaajabu kwa nini hakupekua vyumba vya nyumba ile.

Hayo ndiyo yote yaliyomo katika ushahidi wake: saa mbili, mahali pamoja, kipande cha nguo, sentensi moja na "huenda" moja. Mwaka uliofuata, 1889, Long alifukuzwa kazi kwa kukutwa amelewa akiwa zamuni, na habari zake zikaisha hapo kwa upande wa polisi. Kwa upande wa bunilizi zilikuwa bado hazijaanza.

3.0 Kalibu iliyomtangulia

Ili kuelewa ni kwa nini bunilizi zimemtendea Long jinsi zilivyomtendea, inafaa kurudi nyuma mwaka mmoja. Mwaka 1887 Arthur Conan Doyle alichapisha A Study in Scarlet, kisa cha kwanza cha Sherlock Holmes. Humo yumo konstebo aitwaye John Rance, aliyekuta maiti katika nyumba tupu usiku wa mvua. Rance anasimulia alichokiona, na katika masimulizi yake mna mtu aliyekuwa amelewa langoni, ambaye yeye hakumjali. Holmes anatambua mara moja kuwa yule mlevi ndiye muuaji aliyerudi kutafuta kitu chake, na kwamba konstebo alimshika mkononi akamwachia. Anampa Rance sarafu kwa taabu yake na kumwambia kwamba hatapanda cheo maishani.

Kisa hicho kinachekesha, na Conan Doyle alikusudia kichekeshe. Lakini kilisimika kalibu. Katika kalibu hiyo konstebo ana macho lakini hana akili ya kuyatumia, na mpelelezi mwerevu ana akili isiyohitaji kuwapo mahali pa tukio. Ushahidi hutoka kwa wa kwanza kama madini ghafi na kusafishwa na wa pili. Tena shahidi hana haki ya kusema hajui, kwa sababu katika ulimwengu wa Holmes kutojua ni upungufu wa mtu binafsi. Ulimwengu wenyewe huwa umekamilika na unasomeka.

Mauaji ya Whitechapel yalitokea wakati kalibu hiyo ilikuwa imekwisha kuchapishwa, na watunzi waliofuata waliwamimina humo askari wa kweli. Hapa pana jambo la kuzingatiwa. John Rance alibuniwa ili akosee. Makosa yake yalikuwa yamepangwa na mtunzi aliyelijua jibu. Alfred Long hakubuniwa, na hakuna aliyelijua jibu, wala baadaye halikujulikana. Kumsoma Long kama Rance ni kudhani kwamba yupo Holmes mahali fulani ambaye angeliutazama ukuta uleule na kuona kweli. Dhana hiyo ndiyo chanzo cha bunilizi nyingi zitakazojadiliwa hapa chini.

4.0 Kosa la tahajia kugeuzwa fumbo

Neno lililoandikwa vibaya ukutani lina njia nyingi za kuelezeka. Mwandishi wake huenda hakusoma sana; huenda mwanga ulikuwa hafifu; huenda mnakili ndiye aliyekosea. Long mwenyewe, katika ripoti aliyoiandika Novemba 1888, aliliandika neno hilo kwa namna isiyolingana na aliyoitaja mahakamani. Zaidi ya hayo, haijathibitika kwamba aliyeandika ukutani ndiye aliyeangusha aproni.

Mwaka 1976 Stephen Knight alichapisha kitabu kilichodai kutoa suluhisho la mwisho. Kwa maoni yake tahajia ile haikuwa kosa hata kidogo, bali lilikuwa jina la pamoja la wauaji watatu katika ngano za Frimasoni, yaani Jubela, Jubelo na Jubelum. Na mauaji yalikuwa njama ya kuficha siri ya familia ya kifalme, mtendaji mkuu akiwa Sir William Gull, tabibu wa Malkia. Dai hilo limepingwa vikali na watafiti. Gull alikuwa mzee aliyekaribia miaka 72 na mwaka 1887 alikuwa amepatwa na kiharusi. Lakini kama hadithi, dai lilikuwa tamu, na watunzi walilipokea kwa mikono miwili. Filamu ya Murder by Decree ya mwaka 1979, iliyoongozwa na Bob Clark, ilimleta Sherlock Holmes mwenyewe Whitechapel. Naye ndiye anayelifasiri neno la ukutani kwa njia ya Frimasoni na kumkabili Warren kwa kulifuta.

Hapo kalibu na mtu vimekutana. Kilichokuwa "huenda" kinywani mwa konstebo kimekuwa yakini kinywani mwa mpelelezi. Mnyororo mzima wa hoja za njama umefungwa kwenye kiungo kimoja, nacho ni tahajia ambayo shahidi wa kwanza hakuweza kuiapia. Hata kazi isiyomtaja Long inamtegemea yeye, kwa kuwa bila yeye hakuna aproni mlangoni, wala saa ya kupatikana kwake, na pengine yale maandishi yangebaki chaki ya mtaani kama nyingine.

Kazi yenye uzito zaidi katika mkondo huu ni From Hell, riwaya ya katuni ya Alan Moore yenye michoro ya Eddie Campbell, iliyoanza kutoka kwa sehemu mwaka 1989 na kukusanywa katika kitabu kimoja mwaka 1999. Moore anaichukua nadharia ya Knight na kumfanya Gull kuwa muuaji. Lakini anafanya jambo ambalo wengine hawakulifanya: katika nyongeza ndefu anaeleza, ukurasa kwa ukurasa, kipi kimetoka katika kumbukumbu, kipi kwa Knight na kipi amekibuni, na anakiri kwamba haiamini nadharia hiyo kama historia. Nyongeza ya pili inawakejeli watafutaji wote wa muuaji, akiwamo yeye mwenyewe.

La kutazamwa zaidi ni mahali alipowekwa shahidi. Katika dibaji, inayotokea mwaka 1923, Robert Lees, aliyejulikana kwa maono yake, anamkiria Inspekta Abberline kwamba maono hayo aliyatunga. Hata hivyo ni Lees huyo anayempeleka Abberline hadi mlangoni kwa Gull. Ushahidi wa kutungwa ndio unaofikisha kwenye kweli ya hadithi. Moore ameijua kejeli hiyo na kuiweka makusudi mwanzoni ili msomaji asisahau. Ila msomaji wa kawaida hufuata mkono wa hadithi kabla ya kufungua nyongeza, na mkono wa hadithi unamwonyesha mwenye maono aliyekiri kuwa aliyatunga. Konstebo aliyetembea kwa miguu na kuandika daftarini anabaki katika vijia vya nyuma vya kazi, mahali ambapo hufikiwa na wasomaji wenye subira peke yao.

5.0 Uhuru wa mtunzi na mipaka yake

Itajibiwa kwamba bunilizi haina wajibu kwa kumbukumbu za mahakama. Mtunzi si karani. Ana haki ya kubadili saa, kuunganisha watu wawili kuwa mmoja, na kumpa Holmes ufasaha ambao konstebo hakuwa nao. Jibu hilo lina nguvu na halistahili kupuuzwa. Fasihi inayofungwa na nyaraka hufa. Na wengi wasingeyajua mauaji ya Whitechapel kabisa kama si kwa hadithi.

Lakini linalolalamikiwa hapa si kubuni. Linalolalamikiwa ni kuazima. Mtunzi anayeutumia ukuta wa Goulston Street haubuni. Anauazima pamoja na heshima yake ya kuwa kitu kilichokuwapo kweli. Msomaji husisimka kwa sababu anajua kwamba maneno yale yaliandikwa. Heshima hiyo imetokana na kiapo cha Long, na kiapo chenyewe kilikuja na mipaka yake: nilipita saa hii, sikuona, nilipita saa ile, nikaona, tahajia huenda ilikuwa vingine. Anayeazima kiapo na kuiacha mipaka yake amechukua mali bila deni lake.

Deni hilo si la kinadharia. Ukuta ulifutwa kwa sababu sentensi yenye utata ilikuwa tayari kugeuka sentensi yenye hukumu, na wakazi wa Kiyahudi wa Whitechapel ndio ambao wangelipa. Uamuzi wa Warren unaweza kulaumiwa kwa kuharibu kielelezo, na umelaumiwa tangu mwaka ule. Hata hivyo alitambua jambo ambalo watunzi wengi wa njama hawakulitambua: kwamba maandishi yasiyo na mwenyewe humpata mwenyewe haraka, na mara nyingi ni yule aliyekwisha kushukiwa. Knight aliwaondolea Wayahudi lawama hiyo na kuitwika kundi jingine na wafu wengine wenye majina. Mbinu ilibaki ileile, yaani kutaka ukuta utaje mtu.

Kwamba njia nyingine inawezekana kunathibitishwa na kazi iliyotangulia zote zilizotajwa, The Lodger ya Marie Belloc Lowndes, riwaya ya mwaka 1913. Humo pia yumo polisi asiye mkuu, kijana mpelelezi Joe Chandler, ambaye huja mara kwa mara nyumbani kwa Bunting na mkewe, hunywa chai, husimulia habari za mauaji, na humpenda binti wa Bunting. Juu ya kichwa chake, ghorofani, anaishi mpangaji ambaye mke wa Bunting anazidi kumshuku. Chandler haoni. Lowndes hakumfanya Chandler kuwa mpumbavu kama Rance. Haoni kwa sababu alipo si mahali pa kuonea: yumo katika nyumba ya marafiki, amekaa mezani, na mwenye kujua amenyamaza. Mke wa Bunting anapokwenda kusikiliza uchunguzi wa kifo mahakamani, mashahidi wanapingana, na msomaji anayejua zaidi kuliko mahakama anaona jinsi ilivyo vigumu kwa mtu mwaminifu kusema alichokiona. Lowndes alibadilisha majina, mahali na watu, akabuni karibu kila kitu; lakini alichokihifadhi ni hali halisi ya ushahidi, yaani upungufu wake. Kwa kipimo cha makala haya, riwaya yake ni aminifu kuliko kazi zilizonukuu ukuta neno kwa neno.

6.0 Mtihani wa kikanushi

Hoja hii inaweza kujaribiwa kwa njia iliyo karibu zaidi na wasomaji wa jarida la Kiswahili, yaani kwa kufasiri. Tofauti baina ya nakala ya Long na ile ya Halse ni mahali pa neno moja dogo la kukanusha. Katika Kiingereza neno hilo ni huru, na linaweza kuhamishwa bila kuyagusa maneno mengine. Katika Kiswahili haliwezi. Ukanushi hukaa ndani ya kitenzi au katika kiungo cha sentensi, na ukihama huvuta sarufi nzima pamoja nao:

(a) Wayahudi ndio watu ambao hawatalaumiwa bure.
(b) Wayahudi sio watu watakaolaumiwa bure.

Katika (a) kirejeshi kimelazimika kuwa "ambao", kwa kuwa umbo la ndani la kukanusha, "wasiolaumiwa", halibebi wakati ujao. Katika (b) kirejeshi kimeingia ndani ya kitenzi na ukanushi umepanda kwenye "sio". Hizo si nakala mbili za sentensi moja tena. Ni sentensi mbili. Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuteleza juu ya tofauti ambayo msomaji wa Kiingereza huipita bila kuiona. Lazima aamue anamfuata askari yupi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Katika usemi wa kawaida wa mashariki ya London vikanushi viwili havifutani. Cha pili hukitilia nguvu cha kwanza. Kwa hiyo kile kilichotafsiriwa hapo juu kwa "bure" kinaweza kuwa na maana ya "kwa lolote": Wayahudi hawatalaumiwa kwa lolote, yaani hawakubali kubeba kosa. Lakini kwa sarufi ya shuleni maana ni kinyume: hawatalaumiwa bila sababu, yaani ipo sababu ya kuwalaumu, au kwamba wamechoka kusingiziwa. Kulingana na usomaji, mwandishi ni adui wa Wayahudi, au ni Myahudi aliyekasirika, au ni mtu aliyegombana na muuza duka. Kiswahili kina "bure" na kina "lolote", na mfasiri akichagua moja amekwisha kutoa hukumu.

Tatizo la tatu ni tahajia. Mfasiri akiandika "Wayaudi" bila h, msomaji wa Kiswahili atawaza mara moja mtu wa aina fulani, wa elimu fulani, wa matamshi fulani. Mtu huyo hayumo katika ushahidi wa Long. Akiandika "Wayahudi" kwa usahihi, atakuwa amelifuta lile neno ambalo bunilizi nzima ya njama imelitegemea.

Wanaoshughulika na uhariri wa tenzi zilizohifadhiwa kwa hati za Kiarabu wanaijua hali hii. Nakala mbili za ubeti mmoja zinapotofautiana, na nakala ya mtunzi mwenyewe haipo, mhariri mwaminifu hachagui iliyo tamu na kuitupa nyingine. Huziweka zote mbili mbele ya msomaji, akaeleza ni kwa sababu gani anaipendelea mojawapo. Maandishi ya Goulston Street yanastahili uangalifu uleule, na bunilizi ina njia zake za kuutoa: wahusika wawili wanaobishana juu ya daftari, msimulizi anayesita, askari anayetumwa kwenda kulileta daftari lake na kurudi huku chumba kizima kikimngoja. Tukio hilo la mwisho halihitaji kubuniwa. Lilitokea, na lina mvuto wa kutosha kubeba sura nzima ya riwaya.

7.0 Hitimisho

Suala hili halihusu fasihi ya Kiingereza peke yake. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilipata sehemu ya umbo lake kutoka katika kalibu ileile ya Conan Doyle. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka mwaka 1960, alimleta Bwana Msa na kiko chake, akiwa na rafiki yake Najum pembeni, na wahakiki wameuona kwa muda mrefu undugu wao na Holmes na Watson. Pamoja na mpelelezi mwerevu, kalibu hiyo huja na askari wa kawaida anayeachwa nyuma na akili za mwingine. Utafiti juu ya riwaya hizi umejishughulisha zaidi na mpelelezi. Bado kuna kazi nzuri inayomngoja mwanafunzi wa shahada ya uzamili atakayeuliza swali jingine: katika riwaya hii nani aliona, alisema nini hasa, na maneno yake yalifanywa nini yalipofika kwa mwenye kufumbua?

Swali hilo likiulizwa juu ya bunilizi za Whitechapel, daraja za wahusika hubadilika. Gull wa hadithi anaweza kuondolewa na mauaji yakabaki; ameondolewa mara nyingi na kuwekewa wengine. Holmes hakuwapo. Lees alitunga. Long hawezi kuondolewa bila ukuta kuondoka naye. Kwa sababu hiyo, kumwita mhusika mdogo ni sahihi kwa hesabu ya kurasa tu.

Mhakiki, basi, anapoitathmini kazi ya namna hii, haitoshi kuuliza kama saa na mitaa ni sahihi. Aulize pia kama shahidi ameachiwa shaka yake. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wahenga. Na Long alikuwa katika giza lenyewe, kwenye lindo asilolizoea, akisoma chaki kwa mwanga hafifu na kunakili kadiri alivyoweza. Alipoulizwa juu ya herufi ambayo hakuwa na hakika nayo, hakujitetea, alisema huenda. Katika kesi ambayo watu wengi sana wamedai kujua, jibu hilo ni la haki kuliko mengi yaliyotolewa baadaye, na mtunzi atakayelipa nafasi yake atakuwa amewatendea haki pia wanawake watano, ambao kifo chao hakijapata jibu mpaka leo.